Nilivyojaribu Kuacha Kukua

Mwaka niliokuwa darasa la sita, mama alishusha pindo la sketi yangu ya shule mpaka pindo lenyewe likaisha. Alikuwa fundi cherehani pale nyumbani Kamunyonge, na nguo za wateja hazikumsumbua kama miguu yangu. Akimaliza kushusha leo, wiki mbili tatu baadaye sketi imepanda tena. Siku moja aliitupa juu ya mashine akaniuliza, "Wewe unakulaga ugali au unakulaga mbolea?"

Baba alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilivimba kichwa, kwa sababu ile miguu mirefu ndiyo iliyonifanya niwe winga wa kulia wa timu ya wasichana ya shule, na hapakuwa na beki Musoma nzima aliyenifikia nikishatangulia na mpira. Hapa sijatia chumvi. Waulizwe mabeki.

Goti lilianza kipindi hicho hicho. Lilikuwa la kulia, lile la mguu wa kupigia mashuti. Uwanja tuliokuwa tunafanyia mazoezi ulikuwa kule Bweri, wa changarawe, na nikitoka huko jioni nilipanda ngazi za kanisani kama mama mkwe wa mtu, mguu mmoja mmoja. Kupiga magoti kwenye ibada ndiyo kabisa. Chini kidogo ya pia ya goti kulikuwa kumeota kinundu kigumu, na ukikigonga kwenye kona ya dawati unasahau hata jina lako. Nikawa nasali nimekaa. Mama mmoja wa kwaya akamwambia mama yangu kwamba binti ameanza kiburi na Mungu.

Ubaya ni kwamba yalinikuta wakati ule. Mwisho wa likizo shule za mkoa zingekutana Bunda, na hapo Bunda ndipo wangechaguliwa wasichana wa timu ya mkoa. Kuchaguliwa maana yake ni jezi yenye neno Mara mgongoni, na basi la kwenda kucheza na mikoa mingine, mimi ambaye hata Mwanza nilikuwa naisikia tu. Nilikuwa mtoto wa kutaka vitu vingi, lakini ile jezi niliitaka kuliko vyote. Nilikuwa nalala nikiiona.

Kwetu nyumbani wanapenda kusema kwamba nilificha maumivu ili nicheze. Huo ni uzushi na nimeukanusha miaka yote. Kuhusu goti langu nilisema kweli tangu mwanzo. Shida ilikuwa herufi mbili tu.

Mama alinipeleka zahanati. Tulimkuta daktari kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari.

"Goti linauma?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Mama akanitolea macho.

"Haliumi," nikarudia, "linaumaga."

"Kwa hiyo haliumi."

"Ndiyo. Haliumi. Linaumaga."

Mtu yeyote wa Mara angenielewa hapo hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, goti limetulia, haliumi. Lakini kuuma lilikuwa linauma, ndiyo tabia yake, ndiyo shughuli yake ya kila jioni. Linaumaga. Yule daktari alimtazama mama, akanitazama mimi, akaona anachezewa shere. Alinikunja mguu, akaunyoosha, akatuandikia vidonge vya maumivu, akatuaga kwa adabu sana. Kesho yake mwalimu wa michezo akaniuliza daktari kasemaje, nami nikamjibu neno kwa neno: "Kasema kwa hiyo haliumi."

Mwalimu akafurahi. "Si nilijua? Huo ni ulegevu. Kimbia."

Nikakimbia. Mwalimu alinifunga goti kwa kipande cha khanga alichosema kilimsaidia yeye enzi zake, na enzi zake sijui zilikuwa lini maana tumbo alilokuwa nalo halikuwahi kukimbia. Nilikimbia wiki hiyo na iliyofuata, nachechemea asubuhi, nanyooka mchana, nachechemea jioni. Halafu siku moja nikapiga shuti, mpira ukaenda, na mimi nikabaki chini nimeshika goti kwa mikono miwili, nauma meno. Akaingizwa msichana mwingine nafasi yangu. Alikuwa mfupi, miguu yake minene, mbio zake za kawaida tu. Alipita mbele yangu akiwa anatabasamu. Labda alikuwa ananipa pole. Mimi nililiona tabasamu tu.

Safari hii mama alinipeleka mjini kwa mtaalamu wa viungo, yule anayeshughulika na misuli na mifupa kwa mazoezi. Alikuwa mwanamama wa huku huku kwetu, mikono yake mikubwa, na swali lake la kwanza lilinifanya nitake kumkumbatia.

"Hii goti yako," alisema, "inaumaga saa ngapi?"

Nilimweleza yote, bila kupumua. Alibonyeza kile kinundu kwa kidole gumba, nikaruka. Akaomba nilale kifudifudi, akakunja mguu wangu kuelekea matakoni, ukakataa katikati kama mlango wenye komeo. Akatikisa kichwa, lakini alikuwa anacheka.

"Hana ugonjwa," akamwambia mama. "Anakua."

Alituchorea kwa kidole juu ya mguu wangu mwenyewe. Mfupa wa paja na wa muundi, alisema, inarefuka haraka kipindi hiki, misuli ya paja inachelewa kuifuata. Basi ule msuli unakuwa umekaza, na kano yake imeshika hapa chini ya pia, mahali ambapo mfupa wa mtoto bado haujakomaa. Mtoto akikimbia na kupiga mashuti, kano inavuta, inavuta, mpaka pale inapojishika panachokozeka na kuvimba. Wanaocheza sana ndio wanaopatwa sana. Hakijavunjika kitu, hakijaoza kitu.

"Nitapona lini?" nikauliza.

"Ukimaliza kukua itaisha yenyewe."

"Na nitamaliza kukua lini?"

"Hiyo sasa kila mtoto na yake. Inaweza kufika mwaka, inaweza kuzidi."

Nikaona jezi ya Mara inaondoka na basi. Nadhani alinisoma usoni, kwa sababu alivuta kiti akakaa karibu. Akasema hanikatazi mpira maisha yangu yote. Likizo yote nisikimbie wala kuruka. Niweke barafu, nikaze paja na kunyanyua mguu ulionyooka, nishike ukuta nivute kisigino nyuma mpaka paja linyooke. Nikirudi atanipima. Maumivu yakiwa yamepungua atazungumza na mwalimu nicheze kidogo kule Bunda. Yasipopungua, nitakwenda kushangilia.

"Na ukicheza," akanionyesha kidole, "ukianza kuchechemea unatoka. Usisubiri mtu akutoe. Goti ni yako."

Barafu haikuwa shida kwetu, ilikuwa aibu. Baba alikuwa anafanya kazi mwaloni kando ya ziwa, ya kupakia sangara kwenye magari yenye barafu, na jioni ile ile alirudi na ndoo imejaa. Alikuwa ameisuuza, aliapa ameisuuza, lakini barafu iliyolala na sangara siku nzima haisuuziki. Niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka gotini, nikakaa barazani. Hazikupita dakika nyingi paka wa jirani akaja. Akaja na mwingine. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa na paka wa mtaa mzima wamenizunguka, wamekaa kwa nidhamu wakisubiri mimi niive. Wenzangu wa shule wakipita barabarani walinisalimia, "Shikamoo Sangara!" Nilijibu marahaba, ningefanyaje.

Faida haikukosekana. Mtaalamu alikuwa amekataza kuchuchumaa siku ambazo goti limechachamaa, na mimi goti langu lilikuwa linachachamaa kila vyombo vikichafuka. Niliifurahia hali hiyo mpaka mama aliponiwekea beseni juu ya meza ya cherehani, akaniletea na kiti. "Daktari hajakataza kukaa," alisema.

Nilipokuwa naviosha vile vyombo ndipo nilipopata akili. Nilirudia maneno ya mtaalamu polepole, na hesabu ikanijia yenyewe. Goti linauma kwa sababu ninakua. Nikiacha kukua litaacha kuuma. Kwa hiyo ninachotakiwa kufanya ni kuacha kukua, kwa muda mfupi tu, mpaka Bunda ipite. Nilishangaa mtu aliyesoma namna ile hakuliona hilo.

Na njia ya kuacha kukua kila mtoto wa kwetu anaijua. Mtu akinyoosha miguu chini na mwingine akamruka, aliyerukwa harefuki tena. Ukimruka mwenzio kwa bahati mbaya, utaitwa na ukelele wa nyumba nzima urudi ulikotoka, umruke tena kinyume, ndipo kukua kwake kumrudie. Utotoni nimepigwa kofi kwa kumruka mdogo wangu na nimepigwa la pili kwa kuchelewa kumrudishia. Basi dawa ilikuwepo, tena ya bure, na ya kuitengua ipo. Nirukwe sasa, nirudishiwe baada ya mashindano.

Nikaenda kujilaza mlangoni mwa jikoni, miguu nimeinyoosha kutoka mwimo hadi mwimo.

Hapo ndipo nilipojua jinsi watu wa nyumba yetu walivyolelewa vizuri. Mama alikuja na sufuria ya moto mikononi, akasimama, akasonya, akazunguka nyumba nzima kuingilia mlango wa mbele. Mdogo wangu wa kike nilimsihi, nikamuahidi peremende, akakimbia akiwa analia kwamba nataka apigwe. Baba alinisogeza kwa mguu kama gunia. Yule mama wa kwaya alikuja kuchukua gauni lake, akafika pale mlangoni, akaniona. Alinyanyua gauni alilovaa, mguu mmoja ukawa hewani kabisa. Kisha akaurudisha.

"Toa miguu, mwanangu," alisema. "Nisije nikaambiwa mimi ndiye niliyekufanya mbilikimo."

Aliyeniruka ni paka mmoja, tena alifuata harufu ya barafu na hakuwa na habari na mimi. Nililala nikiwaza kama paka anahesabika. Asubuhi nilikanyaga chini, goti likauma, nikajua hahesabiki.

Shule zilipofungwa mama alinipeleka Butiama kwa bibi mzaa mama. Hakuficha sababu. Kule hakuna timu, kuna ng'ombe na mihogo. Tulishuka Kiabakari kwenye basi, tukapanda bodaboda, mimi nikiwa katikati nimenyoosha mguu mmoja pembeni, dereva akilalamika njia nzima kwamba ninampanulia pikipiki. Bibi alitupokea uani. Alinitazama kuanzia chini kwenda juu, na safari hiyo ya macho ilichukua muda.

"Huyu mke mwenzangu analishwaga nini huko ziwani?" akasema. Ndivyo alivyokuwa ananiita, mke mwenza, kwa sababu babu alipokuwa hai alikuwa anatangaza kwamba mimi ndiye mke wake mdogo.

Mama alilala usiku mmoja akarudi kwa wateja wake. Siku ya pili mchana bibi alikuwa anachambua maharage kwenye mkeka, na mimi nikaona hakuna wa kuongopewa pale. Nikamweleza kila kitu: goti, mtaalamu, Bunda, jezi, mlango wa jikoni. Nikamwomba aniruke.

Bibi aliacha maharage.

"Watoto wengine wanaliaga wakirukwa," alisema.

"Mimi nataka."

"Ubaki hivyo hivyo?"

"Mpaka Bunda tu. Ikiisha utanirudishia."

Alicheka. Alicheka mpaka akajishika nguzo ya jiko, akajifuta machozi kwa khanga, akanitazama, akacheka tena. Kisha akanyamaza, akakohoa, uso ukawa wa kanisani. Aliniambia niende kunawa miguu kwanza. Nikanawa. Akaniambia nilale chali mkekani, mikono ubavuni, nisicheke. Halafu akanyanyua khanga kidogo, akatanguliza fimbo upande wa pili, akapitisha mguu mmoja. Pale katikati akakwama. Magoti yake nayo yalikuwa na mambo yake, akasimama juu yangu kwa muda mrefu akiguna na kuwalaumu watu wa siku hizi wanaozaa watoto wanene. Mwisho mguu wa pili ukafuata.

"Tayari," akasema, anahema. "Umesimama. Kuanzia sasa hukui."

Nilihisi kabisa kitu kimesimama. Sikukosea, ndivyo nilivyohisi.

"Lakini aliyerukwa ana masharti yake," bibi akaendelea. "Hakimbii. Akikimbia mfupa unaamka. Haruki kamba, hapandi mti, hachuchumai shambani. Asubuhi na jioni anashikaga ukuta, anavuta kisigino nyuma mpaka paja inyooke. Halafu analala, ananyanyua mguu umenyooka, polepole, polepole."

"Hata hilo la kisigino ni la kurukwa?"

"Hilo ni la zamani sana," alisema bibi, akarudi kwenye maharage.

Niliyafuata masharti yale kwa uaminifu ambao shule haijawahi kuupata kutoka kwangu. Bibi hakuwa na barafu, lakini alikuwa na mtungi, na jioni aliniwekea kitambaa cha maji ya mtungini gotini, akisema mfupa uliosimama unataka baridi ili usioze. Alikuwa na jibu la kila swali. Siku moja ndama alikata kamba akaelekea kwenye mihogo ya jirani, mimi nikasahau nikaanza kumfukuza. Nyuma yangu nikasikia bibi anapiga yowe: "Mfupaaa!" Nikaganda mguu juu. Majirani wakatoka wakiuliza nani kavunjika mfupa. Ndama alikula mihogo mpaka akachoka mwenyewe.

Na goti likapoa. Si kwa siku moja, na mara nyingine nikiinuka vibaya lilinikumbusha, lakini ikafika asubuhi nikatoka kitandani, nikaenda chooni, nikarudi, nikakaa, ndipo nikagundua nimetembea bila kuchechemea. Nikakibonyeza kinundu. Bibi akanipiga kofi mkononi. Baada ya asubuhi ile nilikuwa nikiamka najaribu hatua ya kwanza kwa hofu, na hatua inapita salama, na mimi nacheka peke yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wengine wote ndivyo wanavyoamka.

Niliporudi Musoma tulikwenda moja kwa moja kwa mtaalamu. Alikibonyeza kinundu, sikuruka. Akakunja mguu wangu, kisigino kikakaribia matakoni. Akamsifu mama, akanisifu mimi, kisha akanisimamisha ukutani penye mistari ya kupimia urefu.

"Loo! Na umerefuka tena," alisema.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Nilirukwa."

Akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza kwa kirefu, na masharti yake, na fimbo, na kisigino ambacho ni cha zamani sana. Mama alikuwa ameanza kuangalia dari. Mtaalamu alivuta kiti akakaa, mabega yanamtikisika, na alipopata pumzi akaniambia hayo mambo ya zamani sana ni yeye mwenyewe aliyemsomea mama kwa simu, na mama akampigia bibi siku ile ile aliyoniacha Butiama, na bibi akasema niachieni mimi.

Nilinuna kwa kiwango ambacho sijakifikia tena. Watu wazima watatu, mmoja amesomea, mmoja amenizaa, mmoja amemzaa aliyenizaa, wote wamenilia njama. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimefurahi kule. Mtaalamu aliniacha ninune nikamaliza, ndipo akasema amekubaliana na mwalimu: Bunda nitaingia kipindi cha pili tu, na nikianza kuchechemea natoka.

Bunda ilikuwa imejaa vumbi na malori ya pamba. Wachaguzi wa timu ya mkoa walikaa chini ya turubai pembeni ya uwanja, kofia zao machoni, kalamu mfukoni. Kipindi cha kwanza nilikula benchi na kucha zangu. Yule msichana mfupi alicheza nafasi yangu, si vibaya, nilitamani iwe vibaya. Hakuna aliyefunga.

Kipindi cha pili nikaingia. Mpira wa kwanza nilioupata nilimwacha beki amekaa chini, nikasikia turubai linanong'ona. Wa pili nilimimina krosi ambayo mshambuliaji wetu aliipiga juu kwa sababu zake mwenyewe. Mmoja wa wale wachaguzi alinyanyua kofia, akamwelekezea mwenzake kidole upande wangu. Nilimwona. Nilikuwa nimekaribia kabisa, jezi ile ningeweza kuinusa.

Halafu goti likaniita. Kwanza kidogo, kisha kwa sauti. Mpira uliofuata nilikimbia nao nikafika golini, nikabaki na kipa, na mguu ukakataa kupiga. Nikapiga nusu, kipa akaudaka kama aliyetupiwa chungwa. Niliporudi kati nikaanza kuupendelea mguu wa kushoto. Kwa mbali haikuonekana. Mwalimu alikuwa ananipungia niendelee, wachaguzi walikuwa wananitazama mimi, na hakuna mtu katika uwanja ule aliyejua isipokuwa mimi na goti.

Nikafikiria kesho asubuhi. Nilizipenda zile asubuhi za Butiama, na nilijua hasa nikiendelea nitazilipa. Nikanyanyua mkono, nikaomba kutoka.

Yule msichana mfupi akarudi ndani. Mpira haukukaa sana ukamfikia, akaupiga kwa ule mguu wake mnene, ukaingia. Tulishinda. Baada ya filimbi mchaguzi mmoja alikuja kwenye benchi letu, akapita mbele yangu, akamshika yeye bega. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu sana ili watu wasisikie ninavyolia. Nilimchukia kwa moyo wote, na kwa kuwa nilijua hana kosa lolote nilimchukia zaidi.

Nilikwenda kukaa mbali, nyuma ya goli, nikaweka gotini barafu ya baba niliyokuja nayo. Nikasikia fimbo. Bibi alikuwa amekuja kutoka Butiama kwa lori la pamba, amekaa mbele na dereva, na alikuwa ameona mechi yote. Alijishusha chini pembeni yangu kwa awamu, akiguna kila awamu. Hakuniambia pole. Akanusa, akauliza nani kamwaga samaki.

"Ulinidanganya," nikamwambia. "Nimerefuka."

"Nimeona."

"Ungenisimamisha kweli ningecheza mpaka mwisho. Ningechaguliwa mimi."

Bibi aliweka kiganja chake kwenye kifundo cha mguu wangu, akaanza kupima shibiri kupanda juu, moja, nyingine, mpaka alipofika kwenye barafu akasita. Akaacha mkono hapo, baridi ikimpata na yeye.

"Wewe mtoto wewe," alisema. "Mimi ningekuwa najuaga kuzuia mtu asikue, ungekuwa bado umelala hapa mgongoni kwangu. Na mama yako kabla yako."

Watu walikuwa wanaimba upande wa pili wa uwanja. Baadaye bibi akasema lori haliwezi kumsubiri, akaninyooshea mkono nimwinue. Nikasimama, nikamvuta, akaja juu taratibu akijishika kwangu, na aliponyooka kabisa kichwa chake kikaishia begani mwangu.